Sekunde Arobaini Nyuma ya Jirani

Mwanangu Pendo,

Leo saa kumi jioni mdogo wako Neema anacheza mpira uwanja wa Mkolani, mechi yake ya kwanza kuonyeshwa mubashara mtandaoni, na mimi ndiye niliyekubali acheze. Nakuandikia asubuhi hii kabla sijafungua karakana. Kuna jambo nimeificha nyumba nzima, na ni wewe tu ambaye siwezi kukuficha.

Unakumbuka kazi yetu ya Jumamosi? Mimi juu ya bati la watu nazungusha dishi, wewe mlangoni unaangalia televisheni yao na kunipigia kelele. "Baba, imekuja! Aa, imepotea! Rudisha kidogo!" Ulikuwa na miaka tisa na tayari unamwamrisha fundi. Picha ikitulia, wenye nyumba hawakutuacha tuondoke. Tuliketi nao mpaka mpira uishe, na goli likiingia mtaa wetu wote wa Igogo ulipiga kelele kwa pamoja. Hakuna aliyejua kabla ya mwenzake. Niliipenda hali ile kuliko mpira wenyewe.

Kisha ukawa golikipa, ukaenda Dar, ukaninunulia simu hii. Ulisema mechi zenu nitaziona popote, hata nikiwa na bisibisi mkononi. Nikanuna. Fundi dishi mzima unaniletea kitu kisichohitaji dishi! "Baba, acha ushamba," ukacheka, "watu wameshahama." Walihama kweli, na wateja wangu wakahama nao. Ila kila wiki nilikuona, mdogo kama kidole, ukiruka golini, nami nikaacha kulalamika.

Shida ilikuwa Mama Kulwa, jirani yetu mwenye mgahawa uliopakana na karakana. Televisheni yake, ambayo dishi lake nililifunga mwenyewe, iliitangulia simu yangu kwa sekunde kama arobaini. Kwangu mpira bado uko katikati ya uwanja, yeye ameshapiga vigelegele: umedaka penalti! Siku moja nikamfuata. "Mama Kulwa, unanimalizia utamu. Kaa kimya mpaka na mimi nione." Akanicheka, fundi gani huyu anayepitwa na dishi lake, lakini akakubali. Tangu hapo alishangilia huku amejiziba mdomo kwa kanga.

Jumapili ile mlikuwa ugenini, kipindi cha pili. Kwenye simu ulikuwa umesimama vizuri, unawapanga mabeki, unakaza glovu. Upande wa pili wa ukuta pakawa kimya. Sikushtuka, ndivyo tulivyokubaliana. Halafu nikagundua hata vijiko vimenyamaza, na Mama Kulwa akaingia karakana bila hodi. Unajua kwetu habari nzito haiachiwi mtu aipokee peke yake, lazima awepo wa kumshika. Alikuja kwa hilo. Akaifunika simu kwa kanga yake. "Baba Pendo, zima kwanza. Zima, nakuomba."

Nikafoka. Nilidhani umefungwa goli naye kaja kunisimanga. "Toa mkono! Niache nimwone mtoto wangu!" Nikaivuta simu, na kweli ulikuwa bado umesimama. Nikamwonyesha. "Si huyu hapa? Mzima kabisa huyu!" Akaanza kulia. Kisha ukajishika kifua, ukapiga goti, ukalala, na hakuna mchezaji yeyote aliyekuwa karibu yako.

Enzi za televisheni pekee, mechi ikipita imepita. Hii simu imeitunza. Naweza kukurudisha nyuma, nikakusimamisha pale unapokaza glovu, na nimefanya hivyo mara nyingi kuliko inavyofaa.

Sasa jambo lenyewe. Nilipokuja kukuchukua, daktari aliniita pembeni, peke yangu. Alisema moyo wako ulikuwa na kasoro ya kuzaliwa nayo, ya kurithi.

"Mzee, una mtoto mwingine?"

"Ninaye mmoja, wa kike."

"Akapimwe haraka. Na asicheze mpira wala asikimbie mpaka apimwe."

Niliitikia. Nimerudi Mwanza na maneno hayo yamekaa kifuani. Mama yako sijamwambia, amekonda vya kutosha. Neema sijamwambia, maana tangu tukuzike mpira ndio unaomtoa kitandani. Kila siku nasema kesho. Jana kaniletea fomu ya timu, nikasaini kwamba sijui tatizo lolote la afya yake. Najiogopa, Pendo.

Naandika huku namwona dirishani, anaruka kamba uani, anahesabu kwa sauti. Mimi ndiye ninayejua sasa, na yeye bado anacheza. Mama Kulwa alikuja mbio. Mimi nimeyakalia maneno ya daktari wiki ya tano.

Ameniona. "Baba, shikamoo! Leo unakuja uwanjani au utaniangalia kwenye simu?"

Nimeitika marahaba. Nimemwambia aache kamba, avue njumu, aingie ndani na amwite mama yake. Anacheka, anasema muda wa utani hana, basi la timu linakuja. Nimerudia. Ameiachia kamba, ananitazama usoni.

"Baba, kuna nini?"

Ninakuacha hapa, mwanangu. Maneno yaliyobaki ni ya mdogo wako.

Baba yako, na baba yake Neema