Alama Nyekundu kwenye Ukuta wa Ruwais

Kwa Sista Jerusha,
Nyuma ya Kinyozi,
Ruwais, Jedda.
11 Februari 2022

Mpendwa Shangazi Jerusha,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Baridi ya Leeds imepungua? Na goti lako, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi hatujambo, isipokuwa Mama anakohoa kwa sababu ya vumbi. Nimeona niandike, maana kwenye simu Baba huwa karibu, nami nashindwa kusema.

Nilifurahi uliponieleza habari za mtaa wako, kwamba zile nyumba za matofali zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya sufu, viwanda vikafungwa, nyumba zikabaki, na sasa wanakaa watu wa kila taifa. Ukauliza Ruwais ikoje siku hizi. Nimechelewa kukujibu kwa kuwa sikujua nianzie wapi.

Mwenye nyumba wetu, Umm Talal, ameniambia kwamba alipokuwa mtoto bahari ilikuwa karibu sana, hata mama yake alimwita mumewe aliyekuwa baharini aje kula, akiwa amesimama mlangoni. Baadaye wakaja Wayemeni, Wasudani, kisha sisi. Kila aliyekuja alijengewa chumba juu ya mwenzake, ndiyo maana ngazi zetu hazilingani. Majina ya barabara hakuna anayeyatumia. Nyumba hujulikana kwa mtu. Yetu mpaka leo ni kwa Sista Jerusha, kwa ajili ya watoto uliokuwa ukiwafunga vidonda pale ngazini ulipoishi hapa. Hata anayeleta mitungi ya gesi humwita Mama kwa jina lako. Mama ameacha kumsahihisha.

Mwezi wa Oktoba walipita watu wa manispaa wakaandika ukutani kwa rangi nyekundu kwamba tuhame. Wayemeni wa chini walihama wiki hiyohiyo. Baba alicheka. Unajua kwetu nyumbani nyumba huwekwa alama ya X ya kubomolewa ikakaa nayo miaka. "Duka la Onesmus pale Keroka lina X tangu nikiwa na nywele," alisema, "na bado anauza sukari!" Umm Talal akamwambia, "Baba Lois, hapa si kwenu. Hapa wakiandika, wanabomoa. Yalla, haya, tafuta nyumba." Baba akajibu, "Mafi mushkila, bibi," kwamba hakuna shida, akaenda kununua rangi ya krimu akapaka sebule, rangi ileile uliyokuwa ukiitaka siku zote.

Nami nilimwamini, Shangazi. Hata pazia nililichagua mimi.

Sasa nyumba za nyuma yetu ni kifusi. Umeme ulikatwa Jumatatu. Baba alipoanza kutafuta, waliotutangulia walikuwa wamejaza nyumba zote za bei yetu, na huko mtaa wa Bani Malik nako watu wanahangaika kama sisi. Kampuni yake imempa kitanda Riyadh, kule Al-Sulay penye maghala, katika bweni la wanaume. Familia haziruhusiwi. Kwa hiyo Mama na mimi tunarudishwa Keroka, kwenye nyumba ambayo nimelala likizo mbili tu maishani. Chuo cha uuguzi cha hapa kilikuwa kimenikubali. Nimewaandikia kwamba siji.

Wenzangu tuliomaliza nao shule wanazungumzia sinema, na dada zao wanaoendesha magari, na kazi mpya za wasichana. Ni kweli, mambo yamebadilika sana. Mimi huwasikiliza tu.

Jana Umm Talal alihamia kwa mwanawe. Alinikumbatia, akaniambia, "Halas, binti yangu," yaani basi, yamekwisha. Leo asubuhi nimemkuta Baba na kitambaa chenye maji, anafuta vumbi kwenye ukuta wa sebule, taratibu, ili asiharibu rangi. Nilitaka kumwambia aache. Nikamletea maji safi.

Sikuombi chochote, najua huna la kufanya. Ila ulisema utakuja Pasaka uione nyumba. Tafadhali usikate tiketi. Na ukizungumza na Baba, usimtaje Onesmus hata kwa mzaha.

Wasalimie sana binamu zangu Naftali na Shiro. Mama anakusalimu. Mungu akutunze, na nyumba yako aiache ilipo.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Lois

Nilikuwa nimesahau: anwani ya hapo juu nimeiandika kwa mazoea. Ukijibu, usiitumie. Nikipata nyingine nitakuambia.