Kengele Uliyoifunga Mara Tatu

Yaya Saidi, kaka yangu mpendwa,

Motari uliyemtuma kutoka Lubutu amekaa barazani kwangu, anakunywa chai na mkate, matope yamemfika magotini. Amesema anapumzisha pikipiki kidogo tu, kisha anavuka tena mto kabla ya adhuhuri, na anataka jibu mkononi: mbwa anabaki ao anarudi. Kwa hiyo naandika haraka. Uvumilie mwandiko.

Kikapu nimekifungua. Mtoto wa mbwa ni mwekundu, mkia umejikunja, paji la uso lina mikunjo ya mzee. Mbwa wetu Waseme mtupu! Nilipomwona niliketi chini pale pale. Kisha nikaona kengele shingoni mwake, ile ile ya Waseme, ya mti, yenye ufa upande mmoja, na nikasoma karatasi yako: "Mudogo wangu, imbwa ya jirani imezaa. Miye mwenyewe naogopa kushika ingine, lakini roho inasema mutoto wako asikose. Kengele nimeiziba na nimefunga mara tatu. Hii haitafunguka. Kama humutaki, murudishe tu, sitakasirika."

Mara tatu. Yaya, hapo ndipo uliponichoma.

Unakumbuka siku ulipomleta Waseme? Baba alikuwa ametoka msikitini, bado na kofia yake nyeupe, nawe ukaingia uani ukitokea porini kwa mjomba, umembeba mbwa mabegani. Baba akasimama. "Saidi, hiyo njo nini unaniletea?" Ukamjibu, "Njo muwindaji, Baba." Mama alicheka mpaka akashika mlango. Baba alikubali, lakini kwa masharti yake: alale nje, awe na sahani yake, na chombo chochote atakachogusa kwa mdomo kioshwe mara saba, moja kwa udongo. Kazi ya kuosha ikawa yangu. Ee, niliosha! Mwizi yule alikuwa anachungulia kila sufuria. Majirani nao wakaanza, nyumba ya Mwislamu na mbwa wapi na wapi, ndipo ukampa jina hilo. Ulipomwita jioni, "Waseme! Waseme!", mtaa mzima ulipata jibu lake.

Na wewe ndiye uliyenifundisha kengele. Mbwa wa mjomba hawabweki, kwa hiyo muwindaji anamfuata mbwa wake kwa kengele. Njiani unaiziba kwa majani ili nyama wa porini wasikimbie. Mkifika mahali pa kuwinda unatoa majani, ndipo unamwachilia. "Ukimuachilia na kengele yenye kuzibwa," uliniambia, "ni kama umemutupa. Pori itamukula na hutajua ni wapi." Nilikuwa na miaka kumi na moja. Kila neno lako nililishika kama sala.

Vita ilipofika hapa Kindu, tulivuka mto na kujificha kwenye mashamba ya mjomba, sisi na familia nyingine tatu. Wakubwa hawakumtaka Waseme hata kidogo. "Ile imbwa itatuuza," walisema. Wakakuambia basi umvue kengele. Ukakataa, kwa sababu mjomba alikuwa amekufundisha kwamba kengele haitoki shingoni mwa mbwa aliye hai. Uliiziba kwa majani, ukafunga kwa kamba, ukawaonyesha wote. Uliitikisa mbele yao na haikutoa sauti. Wakakubali.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Mama.

Asubuhi ile wewe ulikuwa umepanda juu kukata kuni. Baba alikuwa chini kwenye mihogo. Waseme alikuwa na njaa, mbavu zake zinahesabika, akaamka na kuelekea porini kujitafutia. Nikaona kengele imezibwa. Sikufikiria bunduki, Yaya. Sikufikiria kitu chochote isipokuwa kwamba anakwenda kupotea na hatutajua ni wapi. Nilimwita kwa kunong'ona, akarudi, akanilamba mkono. Nikafungua kamba yako. Ilikuwa ngumu, nilitumia meno. Nikatoa majani yote, nikamwachilia vile ulivyonifundisha.

Yaliyofuata unayajua. Kengele ililia kule kijitoni, na wale watu wa bunduki walikuwa wanapita njiani, kumbe karibu hivyo. Walifuata sauti. Baba alipigwa risasi ya mguu akiwa na mihogo mikononi, na wewe ukambeba mgongoni, tukakimbia mpaka jua likageuka.

Tulipokusanyika, wakubwa waliuliza, "Ile kengele ilifunguka namna gani?" Hukuangalia mtu. Ulisema, "Ni miye. Sikufunga muzuri." Mimi nilikuwa nyuma ya Mama, nimeshika kitenge chake. Hatua mbili tu kati yako na mimi! Mdomo wangu ulikuwa bado na ladha ya kamba, na sikuufungua. Wakakuambia ummalize wewe mwenyewe. Waseme alikuwa ameturudia, unakumbuka, alitufuata mbio zote zile, akaondoka nawe akitikisa mkia. Uliporudi kengele ilikuwa mkononi mwako.

Niliogopa. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Baadaye Baba alianza kuchechemea, nikaogopa zaidi. Baadaye wewe ukasema huwezi kuangalia mguu wake kila siku, ukaenda Lubutu, nikasema moyoni, atakuja Idi, nitamwambia. Ukaja Idi, ukaleta asali, ukacheza na mtoto wangu, nikapika. Nikapika tu.

Na Baba, alipokuwa amelala na homa ile ya mwisho, aliniita peke yangu. "Mwambie Yaya yako miye sikumukasirikia hata siku moja. Aliyefungua ile kengele nilishamusamehe." Nilikuletea salamu hizo siku ya mazishi, nawe ukalia kama mtoto mbele ya watu. Yaya, msamaha ule ulikuwa wangu. Nilikuachia wewe ubebe, kama nilivyokuachia kosa. Naona haya kuandika haya, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa unajua kwa nini kila mara ulipouliza, mbona hufugi mbwa, nilikuwa nasema usafi, nasema majirani, nasema mume wangu hataki. Mume wangu hana neno. Ni mimi niliyekuwa sitaki kusikia kengele tena.

Motari amemaliza chai. Amesimama anaangalia jua, amenipigia honi mara moja kwa heshima. Amina wangu amekaa kizingitini, mbwa amelala ndani ya sketi yake. Naye ana miaka kumi na moja. Amegeuza ile kengele, ameitazama, ameniuliza, "Mama, mbona Mjomba Saidi ameifunga hivi? Mafundo mengi! Hii imbwa itapotea."

Mwanzo nilitaka kumrudisha. Nilishika kikapu, nikakiweka chini, nikakishika tena. Kama ningemrudisha, ungesema tu dada yangu hataki mbwa, na ungeendelea kufunga na kufunga huko Lubutu kwa kosa ambalo si lako. Na kengele peke yake siwezi kukutumia, haitoki shingoni mwa mbwa aliye hai. Basi anabaki. Nimempa Amina sahani kuukuu, nimemwonyesha udongo wa kuoshea uko wapi.

Nimemwita karibu, tumekata mafundo yako matatu kwa kisu, na tumetoa majani pamoja. Utayakuta humu ndani ya bahasha. Sasa hivi mbwa anakimbia uani na kengele inalia, kolo-kolo, kolo-kolo, na mimi sijamzuia.

Ukiisha kusoma, ukiona huwezi kuniangalia tena, tuma mtu amchukue, ni haki yako. Ukiweza, njoo mwenyewe. Chumba chako kiko. Sitakuomba useme kitu, kaa tu uani umsikie.

Ulifunga vizuri, Yaya. Ulifunga vizuri sana.

Mimi mudogo wako,
niliyefungua