Msichana wa Ndoo

Mama, shikamoo. Mimi mzima, ila joto la huku si mchezo: bomba la maji baridi linatoa maji ya kumkandia mzazi.

Kwenye hoteli ninayosafisha hapa mtaa wa Al Rigga, ughaibuni, amefikia mzee mmoja Mwingereza, mwongozaji wa filamu. Alianza kazi kwa kubeba nyaya, akaja kuongoza filamu nyingi. Sasa magoti yamekwisha, anaitwa tu kwenye vyuo kuhadithia. Jana natandika kitanda chake, akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Pangani.

"Filamu yangu ya kwanza niliipigia huko," akasema. "Kulikuwa na msichana wa ndoo. Nilimwambia ampite mzee barazani bila kusema neno. Kila akipita, anamwamkia! Tukarudia mara saba."

Mama, nilijikuta nimekaa kwenye kitanda cha mgeni. Supavaiza angeniona ningefukuzwa. Nikamwambia, "Huyo ni mama yangu."

Akasema, "Mara ya nane nilimwacha aamkie. Katika filamu zangu zote, ni kipande hicho tu ambacho sikionei aibu."

Miaka yote ukitusimulia habari za filamu hiyo, mimi na Kaka Juma tulikuwa tunakucheka. Nisamehe. Kadi hii ibandike sebuleni, naye aisome.

Mzee amenituma nikuletee shikamoo yake. Nikamweleza kwamba mkubwa hamwamkii mdogo, na yeye anakaribia themanini. Akasema siku ile mkubwa ulikuwa wewe.

Mwitikie, Mama.

Mwanao akupendaye,
Mwanaidi