Madoa Saba kwenye Kamera ya Kinyozi

Jumatatu, 3 Machi

Picha mia nne na kumi na mbili. Kati ya hizo, majani yakipepea: mia tatu tisini na nane! Kinyozi kafunga kamera yake kwenye mti ulio mbele ya nyasi ndefu. Upepo ukipita, kamera inapiga. Mimi ndiye wa kuyatazama majani yote hayo moja moja, maana huenda nyuma yake kuna mnyama.

Zilizobaki kumi na nne: kanga tatu, ngiri moja (makalio tu), Kinyozi mwenyewe saba, akija kuangalia kama kamera inafanya kazi. Inafanya. Na tatu za mwisho ndizo zilizomleta mbio na povu la kunyolea bado mkononi.

– Chui, shemeji! Tazama mabega hayo!

Ni paka. Kamera kaifunga chini, usawa wa goti, na paka kapita shubiri moja mbele yake. Kwa umbali huo hata mimi ni kifaru. Nikamwonyesha: huyo ni paka wa muuza mkaa, na kengele yake shingoni. Akaisogelea skrini. Kisha: labda chui kamla mwenye kengele.

Huyu ndiye mwenyekiti wa wawindaji.

Sijui ni nani aliyeniroga nikaingia kazi hii. Duka langu ni la fotokopi na picha za paspoti, chumba cha mbele cha nyumba yetu, basi. Siku moja nikamwambia mwindaji kwamba "simba" wake ni mbuni aliyeinama. Tangu hapo memori kadi zote zinaishia kwangu. Bwana Nyama, yule afisa wa wanyamapori, hana gari la kuja huku, na hatoi kibali cha kuwinda mnyama msumbufu bila picha na fomu yenye jina la mnyama. Kaamua mwandiko wangu unasomeka. Huo ndio usomi wangu wote – mwandiko, na kitabu cha wanyama kisicho na jalada, kurasa za ndege zimeliwa na mchwa. Kwa hiyo ndege kwangu ni wa aina mbili: kanga na si kanga.

Nina pia mpini wa ufagio niliouzungushia utepe mwekundu kila shubiri. Nausimamisha pale mnyama alipopita, kamera inapiga tena, nalinganisha kimo. Wanaucheka. Lakini mpini huo umeshaua chui kumi na mmoja wa Kinyozi.

Kwenye kadi ya kamera nyingine, Karani alipita kama kawaida. Ni fisi, sikio la kushoto limechanika. Kila alfajiri, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, anatoka jaa la machinjioni kurudi kwake, mfupa mdomoni. Miaka miwili hajachelewa. Mimi ndiye nimempa jina hilo. Sijamwambia mtu – wangenicheka hadi wachoke.


Jumanne, 4 Machi

Siku mbaya tangu inaanza. Ndoo mbili za maji yangu, nilizojaza jana, tupu! Mama mkwe kaamka alfajiri kumwogesha Waziri.

Waziri ni mbwa. Wa marehemu baba mkwe. Mkubwa, wa kahawia, hana wizara wala kazi, ila ana mpishi, mwoshaji na mlinzi, wote hao ni mama mkwe. Wiki iliyopita alikata ukingo wa pazia langu la jikoni, lile jipya la malimau, amfanyie ukosi. Nilipouliza, akasema pazia lilikuwa refu. Lilikuwa refu! Nililishona mwenyewe, kwa kipimo.

Kabla sijafungua duka vizuri, wifi huyu hapa, dada wa mume wangu, anapiga meza. Mbuzi wake wa tatu kauawa. Kakutwa zizini, koo limetoboka, nyama haijaliwa sana.

– Wifi, wewe unakaa na picha, mimi nakaa na mizoga!

 Kinyozi alikuwa amefunga kamera nyingine nje ya zizi lake. Picha moja tu: nusu ya nyuma ya mnyama, ukungu mtupu, mgongo umeteremka. Kinyozi: chui. Mimi: hakuna doa hata moja. Kinyozi: kayaacha upande wa mbele. Wifi analia. Nyuma yao foleni ya wanafunzi wanaotaka fotokopi za mtihani, mmoja anauliza kama mashine imekufa.

Nikaandika FISI. Nikapiga muhuri. Karani alipita karibu na pale asubuhi ileile, nikajiambia inatosha. Mpini wangu ulikuwa nyuma ya mlango. Sikuugusa.


Jumatano, 5 Machi

Kibali cha kumpiga fisi kimetoka. Siku moja! Cheti cha kuzaliwa cha mwanangu kilichukua miezi minane. Kufa kuna foleni fupi.

Wawindaji watatoka Jumamosi kwa sababu kesho na keshokutwa Kinyozi ana vichwa vingi.

Karani leo tena kwenye picha, dakika ileile, mfupa mdomoni, anakwenda kwake. Mtu mwenye mfupa wake mdomoni aende kumnyonga mbuzi wa nini? Nikafunga kompyuta.


Alhamisi, 6 Machi

Mbuzi wa nne.

Kinyozi kaingia na kadi juu, kama mtu aliyeshinda kombe. Safari hii kamera aliielekeza mlangoni pa zizi. Picha moja, saa kumi na moja alfajiri. Kichwa kimebaki nje ya picha, mguu wa mbele na shingo vinaonekana. Na shingoni, vyeupe kabisa, vimejipanga – madoa!

– Hesabu, Mtaalamu! Hesabu mwenyewe!

Saba. Akanizungukia duka zima akicheza. Akasema fisi hana heshima ukutani, sasa hii ndiyo ngozi. Akataka nibadilishe fomu palepale. Nikasema hapana, mpaka nipime. Akaniambia mimi ni fundi fotokopi tu. (Nikikubaliana naye ni Mtaalamu, nikikataa ni fundi fotokopi.) Akarudi kwa mteja aliyemwacha kanyolewa upande mmoja.

Nikaikuza picha. Kamera hizi gizani hazina rangi, kila kilicho hafifu kinatoka cheupe. Madoa yamelingana mno. Mungu anapotia madoa hatumii rula. Nikakuza tena. Kila doa lina ncha mbili ndogo, moja huku, moja kule.

Nilikaa nayo muda. Halafu nikainuka, nikaenda jikoni, nikashika pazia.

Malimau.

Nilikwenda zizini kwa wifi na mpini, nikausimamisha, nikapiga picha. Bega la mnyama linafika utepe wa nne. Nikarudi. Waziri kalala kwenye mlango wa mama mkwe kama kawaida, macho nusu, mguu wa mbele umenyooka, ule ule wa kwenye picha. Nikamwinua taratibu, nikausimamisha mpini ubavuni pake. Utepe wa nne.

– Unampimia suti?

Mama mkwe, nyuma yangu. Nikaushusha mpini. Yeye hakuuliza zaidi. Na huyo ni mwanamke anayeuliza kwa nini nimenunua kiberiti! Hapo ndipo nikakumbuka zile ndoo mbili.


Ijumaa, 7 Machi

Nilimpigia Bwana Nyama asubuhi. Nikasema jina nililoandika si sahihi. Akauliza sahihi ni lipi. Nikasema bado napima. Akapumua ile pumzi ya watu wa ofisini. Akasema kama hadi Jumamosi saa sita mchana hana karatasi nyingine, fisi ni fisi, na wawindaji watafanya kazi yao. Nikauliza, kama mtu anayeuliza tu: na ikiwa ni mbwa? Akajibu bila kufikiri. Mbwa anayeua mifugo anapigwa risasi, hata fomu haihitajiki sana, ukishaandika tu.

Nimshukuru kwa kunirahisishia.

Mume wangu nilimweleza akiwa anafungua redio yake vipande vipande. Akasikiliza hadi mwisho. Akasema mambo ya wanyama ni yangu, ila mama ni mama. Kisha akauliza kama nimeona bisibisi.

Basi nikaenda mwenyewe kwa mama mkwe. Nikamwekea picha mezani, niliyoiprinti kwa karatasi nzuri, sijui kwa nini. Akavaa miwani. Akaitazama muda mrefu kuliko ninavyotazama mimi.

– Chui huyo.

– Mama.

– Madoa si hayo hapo? Andika chui. Chui hakamatiki. Watazunguka wiki mbili, watachoka, watarudi kunyoa watu.

Nisiwe mwongo, nilivutiwa. Miaka yote nahangaika kuwaua chui wa Kinyozi, kumbe jibu ni kumpa mmoja akamtafute! Lakini nikauliza: na mbuzi wa tano? Wifi ni binti yako mwenyewe, mama.

 Akanyoosha mkono chini ya kitanda, akatoa kamba. Tatu. Zote zimetafunwa, nyuzi zimechanuka kama ufagio wa zamani. Jumatatu ilikatika moja. Jumatano nyingine. Ya tatu ndiyo nene kuliko zote, akaiweka kando bila kuitaja. Kumbe anajua tangu lini! Huyu mama anaficha mambo kuliko benki.

Nikasema tumpeleke Waziri mbali, kwa ndugu yake mama mkwe, kule hakuna mbuzi.

– Mnipeleke na mimi basi.

Hakupandisha sauti. Akakunja zile kamba moja moja. Baba mkwe alipofariki, mbwa huyu alikataa kula siku tisa. Mama mkwe pia. Sisi tulikuwa tunambembeleza yeye, yeye anambembeleza mbwa. Siku ya kumi mbwa alikula kutoka kiganjani mwake, na yeye akalamba kilichobaki. Hiyo niliiona kwa macho yangu, mlangoni, na sahani mkononi.

Kwa hiyo nina majina matatu. Nikiandika fisi, anakufa Karani, ambaye kosa lake ni kufika kazini kwa wakati. Nikiandika chui, wanaume tisa wanazurura na bunduki wakitafuta malimau, na mbuzi wa wifi wanazidi kwisha. Nikiandika mbwa–

Na ningeupeleka mpini ule zizini Jumanne, haya yote tungeyamaliza jikoni, wenyewe kwa wenyewe, kabla hakijatoka kibali cha mtu.


Jumamosi, 8 Machi

Saa nne asubuhi. Naandika kaunta. Nimekataa wateja wawili wa paspoti, nimewaambia kamera imeharibika. Kamera za watu wengine ndizo zilizoniharibu.

Fomu iko hapa chini ya daftari. Nimejaza yote: tarehe, mahali, idadi ya mifugo iliyouawa. Jina la mnyama: patupu.

Mambo yamezidi. Saa mbili Kinyozi kapita na wenzake, bunduki begani, viatu vya mvua ingawa jua kali. Alikuwa akipiga domo na mume wangu pale getini, macho yake yakamwangukia Waziri. Nikaona wazo likimwingia. Mawazo ya Kinyozi yanaonekana yakiingia.

– Mama, tuazime hii pua! Tumnusishe pale zizini, atufikishe kwa chui moja kwa moja.

Mama mkwe akasema Waziri anaumwa. Waziri akasimama, akatikisa mkia. Mama mkwe akasema hajala. Kinyozi akampa kipande cha mkate. Mama mkwe akasema ni mzee. Kinyozi akasema hata yeye ni mzee, na anakwenda. Kila sababu ikaisha, ikabaki ile moja isiyosemeka. Mume wangu akasema: si wakopeshe tu, mama? Mwanaume huyu!

Waziri akaenda nao. Shingoni kamba ya Kinyozi tu, ukosi hakuna. Mama mkwe alishaufungua ukosi jana, manyoya bado yamelala pale ulipokuwa, mstari mzima. Hakuna aliyeona. Mimi niliona.

Tangu hapo mama mkwe kakaa dukani kwangu, kwenye kiti cha wapigwa picha, mbele ya shuka jeupe. Mkono kaufumba. Najua kilichomo.

Saa nne na robo. Wifi kapiga simu, anahema kwa furaha. Mbwa wa baba ni hodari! Kanusa mlango wa zizi mara moja tu, hakusita, kashika njia, wanaume wote nyuma yake wanakimbia. Anasema ndiyo mara ya kwanza anampenda yule mbwa. Nikamuuliza, njia ipi? Akasema njia ya kwenu, wifi! Huyo chui kapita kwenu! Jifungieni ndani!

Nimemweleza mama mkwe. Hakushtuka. Akauliza kama kwenye bakuli la Waziri kuna kitu. Nikasema kuna mabaki ya jana. Akafumba macho.

Saa nne na dakika ishirini na tano. Nawaona kutoka dirishani. Waziri mbele, mkia juu, anavuta kamba, Kinyozi nyuma yake kofia imeanguka. Kapita kwa muuza mkaa. Yule paka karuka ukutani, kengele ikilia, na mmoja wao kamlenga bunduki – mwenzake kamshusha mkono. Wanakata kona ya kwetu. Hawajaacha njia hata hatua moja. Wala mimi nisingeipima vizuri hivyo.

Nimefungua kalamu.

Mama mkwe kasimama. Kaufungua mkono, kaweka ukosi juu ya fomu yangu, malimau saba, na funguo za geti kazishika kwa mkono mwingine. Ananitazama.

– Mwanangu, nifunge au niache wazi?

Miaka kumi na moja naishi na mama huyu, hajawahi kutaka maoni yangu, hata kama chumvi imetosha.