Udongo Mwekundu Juu ya Njano

Jumatano, jioni

Na udongo bado unapasuka. Hii ni mara ya nne nasimama mbele ya picha, kana kwamba kuitazama kutaiponya.

Kosa ni langu. Nilitaka rangi ya njano niliyoipaka kwanza ionekane kwa mbali chini ya udongo mwekundu wa hapa mtaani Atlabara. Nikauchanganya na gundi ya mbao, nikaupaka kwa kisu, tabaka moja nene, kwa sababu maonyesho ni Jumamosi na mimi nina haraka ya kijana na magoti ya mzee. Sasa picha nzima inafanana na kisigino changu.

Mama Keji, anayeuza chai langoni kwangu, aliingia kuchukua vikombe, akacheka mpaka akaketi.

"Mwalimu, wewe unapaka mkate? Ukuta unapaka kidogo, inakauka, unaongeza. Na mchanga iko wapi?"

Nikamwambia hii ni sanaa, si ukuta. Akalowesha kiganja, akasugua kona moja polepole, kama anavyopaka nyumba yake kila kiangazi. Nyufa zikajaa. Njano ikajitokeza, nyepesi, kama... sijui kama nini. Miaka ishirini naitafuta hiyo.

Hilo ndilo linaloninyima utulivu. Kona yake ina uhai. Kwingine kote, nilikopaka mimi, kumekufa ganzi.

Chini ya picha, kando ya jina langu, nimeshaacha nafasi ya lake. Kesho nitamwomba aje na viganja vyote viwili. Chai nitauza mimi, wateja wanivumilie.