Nilikusemea Mlangoni

Shangazi,

Shikamoo. Nimeandika hivyo kwa mazoea, kisha nikakaa nasubiri marahaba kama mjinga. Basi nitaendelea bila hiyo.

Duka la Isevya halijafungwa. Nashona mimi sasa, na wateja hawaachi kuniambia kwamba mabega ya mashati yangu si kama yako. Nawaambia wavumilie, hata wewe hukuzaliwa fundi. Runinga ipo palepale juu ya rafu ya vitambaa, na Ijumaa jioni tunajaa mpaka wengine wanakaa chini. Masanja, yule konda wa basi la Igunga, bado ndiye anayetuletea tamthilia kwenye flashi, na bado anajifanya hajaitazama njiani.

Nataka nikusimulie mambo ya siku tuliyokuzika. Ulikuwepo, lakini ndiyo mara ya kwanza umehudhuria mjadala bila kutia neno.

Unakumbuka ulivyoanza ugomvi wetu? Ni ile sehemu ambayo chombo cha angani kinapeleka watu kwenye dunia mpya, homa inaingia vyumba vya nyuma, na Kapteni Nela anafunga mlango wa chuma huku mdogo wake akiwa upande wa pili. Ilipokwisha hakuna aliyeinuka. Mama Hija akasema yule mwanamke ni muuaji, basi. Wewe ukatoa pini mdomoni ukamwambia kulia ni rahisi kwa asiye na chombo cha kufikisha. Tangu siku ile tukagawanyika, na suruali za watu zikachelewa. Kuna bwana harusi mmoja alioa kwa suruali ya kuazima kwa sababu yetu.

Ulikuwa na hoja yako ya misafara. Ulisema babu zetu walibeba meno ya tembo kutoka hapa hadi pwani, na aliyeugua njiani aliachiwa kibuyu cha maji kivulini, wenzake wakaendelea. Sisi, ulisema, ni watoto wa waliofika. Mama Hija naye, Mzaramo na mtani wetu, hakukuacha upumue. Alisema hao mliowaacha waliokotwa na Wazaramo, wakalishwa, wala Wanyamwezi hawajawahi kurudi kushukuru. Mlicheka mpaka mkashikana mabega.

Mimi nilikuwa upande wake. Ulijua, wala hukuninunia hata siku moja. Ulichotaka ni ile sheria yako tu: kabla hujampinga mtu, umsemee kwanza, mpaka mwenyewe akiri umemtendea haki. Mbele ya wateja ulijisifu kwamba umelea mtoto anayekupinga kwa hoja. Nilijifanya sisikii, lakini nilisikia.

Sasa siku yenyewe. Jeneza limeshainuliwa, kaka zangu wawili wameshika mbele. Mama Hija akajifunga kanga kiunoni, akasimama mlangoni, mikono kwenye miimo yote miwili.

"Maiti hatoki," akasema. "Huyu alimtetea mfunga mlango miaka yote. Leo nimefunga mimi. Nani wa kumsemea?"

Wageni wakashtuka. Baba mdogo akanong'ona kwamba mambo ya runinga hayaletwi msibani. Lakini shehe ni mtu wa Tabora, anajua utani ulivyo. Akasema mtani hasukumwi, asemewe haraka, jua linakwenda. Watu wakamtazama Masanja, aliyekuwa upande wako siku zote, naye akatazama viatu vyake. Nami nikaogopa, Shangazi. Niliona kwamba nikisema ovyo, utatoka nyumbani kwako kama kichekesho, na mimi ndiye niliyekupinga kuliko wote.

Nikamwambia Mama Hija hivi. Alipokufa mama yetu, Shangazi alikuwa na chumba kimoja na cherehani moja. Alinichukua mimi, mdogo. Hawa waliobeba jeneza aliwaacha Usoke kwenye mashamba ya tumbaku. Huo ndio mlango alioufunga. Hakuwahi kusema alifanya vyema, wala hakuwaomba wamwelewe. Lakini kila Januari sare zao za shule zilifika, na ziliwatosha, bila kuwapima, kwa sababu hakuacha kuwaona moyoni wakikua.

"Anayefunga mlango akaenda zake, mwite muuaji," nilisema. "Shangazi yangu alifunga akabaki amesimama hapo hapo maisha yake yote. Huyo mtafutie jina jingine."

Sikuwa nimeyaunganisha hayo kabla ya kuyatamka. Miaka yote nilidhani unamtetea mtu wa kwenye runinga.

Kisha Hamisi, kaka yangu mkubwa, ambaye alikuwa hajawahi kukaa na sisi hata Ijumaa moja, akasema kutoka chini ya jeneza, "Zilitutosha kweli." Mama Hija akashusha mikono. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti yake ilikuwa ileile ya kubishana. Akasema, "Hapo umemtendea haki. Mpitisheni."

Ukapita. Sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia wewe saa ile. Nilikuwa nalia hovyo, kamasi na kila kitu, lakini kichwa nimeinua.

Siku hizi Hamisi akileta mizigo mjini anabaki Ijumaa. Usidhani yuko upande wako. Anasema Kapteni alikosea, mlango haukupaswa kubaki umefungwa muda wote ule, na anapolisema hilo hakuna anayembishia. Mimi pia bado sikubaliani nawe. Nadhani ungefurahi kusikia hivyo kuliko kama ningekudanganya kwamba umenishinda kwa kufa.

Ila kuna jambo moja tena. Hamisi ana mapacha wa kike, Kulwa na Doto, wamemaliza darasa la saba. Alikuja kuniomba nimchukue mmoja asome mjini, yeyote nitakayemtaka. Alisema hivyo akiangalia pembeni. Nilikaa na swali hilo siku nzima, mkasi mkononi, sikukata kitambaa hata kimoja. Nikajua ulivyokaa wewe.

Nimewachukua wote wawili, Shangazi. Tutabanana. Usione najifanya mwema kukuzidi: wewe ulikuwa na cherehani moja, mimi umeniachia mbili.

Pumzika sasa, na Mola akupanulie kaburi lako. Nakuahidi wasichana hawa watakujua vizuri, kwa mema na kwa magumu, na nitawafundisha kushona mabega kama yako, nikishajua mwenyewe.

Mwanao,
Asha