Karatasi ya Damu Niliyokataa Kusinye

Kartie Mudzipela,
Bunia, Ituri.
Tarehe 5 Mei 2011

Mpendwa Ornella, mujukuu wangu na bibi yangu mudogo,

Jambo sana. Uko muzima? Kikohozi kile cha Kisangani kimekuachilia? Masomo ya uinfirmiere, ya kuuguza watu, yanaendelea? Siye huku tunapumua. Wiki hii moto, pikipiki za abiria, zinapita njia ya Iga Barrière mpaka jioni na hakuna aliyesikia risasi. Tunalisema kwa sauti ndogo, amani isije ikashituka. Na yule kijana anayekubebea madaftari, mwambie mume wako muzee bado iko hai, asianze kutafuta mbuzi za mahari.

Hai, lakini na hasira. Unajua tangu Februari prostate imefunga njia, nikawekewa mupira wa mikojo na mufuko wake. Natembea nao ndani ya suruali sawa mutu anayeficha zahabu. Wangenipasua mwezi uleule. Hawakunipasua, na wanasema kosa ni langu.

Sikiliza, uhukumu weye. Munganga alikuja na karatasi ya Kifaransa na biki ya kuandikia. "Papa, sinye hapa, tia jina lako, ni mambo ya damu." Nikamuuliza: damu ya nani? Na nisipotaka? Hakuna njia ingine? Akatazama saa. "Papa, uko na maulizo mingi. Sinye tu." Mimi niliishia primaire ya tano, lakini mara ya mwisho niliposinye karatasi bila kuisoma, nilijikuta prezida wa chorale miaka kumi na moja, mimi nisiyejua kuimba. Nikamurudishia biki yake. Wakanirudisha nyumbani na mufuko wangu.

Mwezi wa tatu, karatasi ileile, infirmier mwingine. Huyo alisema neno moja tu: familia walete damu. Basi, unamujua ndugu yangu Théodore. Alikusanya watu nane, akasimama barazani pa hospitali na kutangaza kwamba damu ya wale tuliopigana nao haitaingia katika mishipa ya kaka yake. Akatoa yake wa kwanza, uso juu sawa anayebatizwa.

Kesho yake akaenda kuuliza kama imekwisha kuniingia. Watu wa labo, kule wanapima damu, wakamujibu kwamba grupe ya damu yake na yangu hazipatani, damu yake ilipewa mugonjwa mwingine. "Mugonjwa gani? Wa wapi?" Hawasemi, ni siri. Ornella, Théodore alitaka irudishwe! Mpaka leo akikutana na mutu wa upande ule mwenye mashavu mazuri, anamukazia macho sawa mutu aliyeona shati yake iliyoibiwa.

Nilicheka mpaka mufuko ukatikisika. Kisha nikakasirika zaidi, karatasi nikaikataa tena. Hata yeye, nani alimweleza? Alinyoosha mukono akifikiri damu ya ndugu inatoka kwa huyu na kuingia kwa huyu, kumbe inajaza frigo ya hospitali, sanduku baridi la wote.

Aliyevuta kiti akakaa ni Gentille wa labo, peke yake. Akasema, "Babu, njia ziko." Iko damu ya frigo, imepimwa magonjwa. Iko ya ndugu, grupe zikipatana, nayo inapimwa vilevile. Fasi zingine, hospitali za mbali, wanakutoa damu yako mwenyewe mapema, inakungojea, lakini huku courant ya umeme inakatika ovyo, hawajaribu. Unaweza pia kukataa kabisa, ila umwambie munganga mapema, si siku ya kisu, na ujue hatari yake. Tena iko kuongeza damu yako. Akanipima: neuf, ni kusema tisa, damu kidogo. Vidonge vya fer, vya chuma, mboga za lengalenga, maini, wiki sita, na pengine sitahitaji ya mutu.

Wiki sita! Wangelisema Februari, ningekuwa nimekwisha kupona. Miezi mitatu ya mufuko, kwa maneno ya dakika kumi!

Juzi nimeingia kitanda cha hospitali kungoja kupasuliwa. Jirani yangu, mama Adèle mwenye uvimbe, alikuwa ametia kidole kwenye karatasi ileile akifikiri ni ya kupewa chandarua. Nikamweleza yote, na wagonjwa wengine wawili wakasogea. Munganga akatukuta: "Papa, nani amekupa kazi hapa?" Nikamujibu: "Ni weye, docteur, kwa kunyamaza." Hajanisalimia tena, na Jumatatu ndiye atakayeshika kisu. Uniombee.

Weye ukivaa blouse nyeupe, ukae kwanza, useme, ndipo utoe biki. Ukifanya sawa hawa, nakuacha, naoa mwingine.

Sasa damu yangu iko onze, kumi na moja, inatosha. Jana Gentille alinisomea karatasi kwa Kiswahili, mustari kwa mustari. Palipouliza kama damu ikipungua juu ya meza ya kupasulia nitakubali ya mutu mwingine, nilisema ndiyo, ya yeyote, hata ya wale. Théodore akatoka inje. Nikasinye kwa herufi kubwa. Nikiamuka nikisalimia kwa luga ya upande ule, mutamwambia Théodore ajifunze kuitika.

Nyanya yako Françoise anakusalimia. Ameapa hatapika lengalenga tena. Usalimie shangazi Scholastique na Aimé wake. Mungu akulinde, akupe macho ya kuona mutu mbele ya karatasi.

Ni mimi mume wako wa kwanza, nakupenda na mufuko wangu wote,
Babu Ambroise